Wilaya yangu ilienda wapi? Uzi wa mipaka ya Kenya, kutoka kwenye saiba Kayole

#1 · MamaSaiba (Kayole)

Wadau hamjambo. Leo nimefunga duka mapema kwa sababu kuna jambo limenikaa kifuani tangu asubuhi, na nataka tulizungumze kwa kirefu.

Nina saiba ndogo, duka la kompyuta na intaneti, hapa Kayole, huu mwaka wa tisa. Kazi yangu kubwa ni kujaza fomu za watu: vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho, basari za karo, cheti cha tabia njema, mirathi. Mtu anakuja na bahasha ya kaki, anatoa karatasi moja moja, mimi nasoma na kupiga taipu.

Leo amekuja mama mmoja wa umri wa mamangu. Alizaliwa Mbooni mwaka 1958. Kitambulisho chake kimechakaa hadi picha imebaki kivuli, lakini maandishi bado yanasomeka: wilaya ya kuzaliwa, Machakos. Anatafuta cheti cha kuzaliwa kwa vile hakuwahi kuwa nacho. Mara ya kwanza alisaidiwa na kijana mahali pengine. Kijana akaangalia kitambulisho, akabonyeza Kaunti ya Machakos. Ukishachagua kaunti, fomu inakuletea orodha ya kaunti ndogo. Mbooni haimo. Kijana akabonyeza ile ya juu kabisa ili fomu isonge mbele. Baada ya wiki kadhaa ombi likarudishwa. Mama akapanda matatu hadi ofisi moja hapa mjini kuuliza kulikoni, na karani akamjibu, "Mama, wewe hujui kwenu ni wapi?"

Alinieleza maneno hayo huku ameushika mkoba wake kwa mikono yote miwili. Kisha akasema, "Mwanangu, nyumba niliyozaliwa haijasogea hata hatua moja. Ni wao waliosogea."

Ukitaka kujua nchi hii imekatwakatwa mara ngapi, mfuate mama huyu. Alipozaliwa, Machakos ilikuwa katika Mkoa wa Kusini, pamoja na Kitui, Kajiado na Narok. Muulize kijana wa leo Mkoa wa Kusini wa Kenya ulikuwa wapi, atakutazama tu. Uhuru ulipokuja 1963 mkoa huo ukavunjwa: Machakos na Kitui zikaenda Mashariki, Kajiado na Narok zikaenda Bonde la Ufa. Na siku hizo hata hatukuwa na mikoa. Tulikuwa na majimbo saba na Eneo la Nairobi kando, kila jimbo na bunge lake. Majimbo hayakumaliza hata miaka miwili. KADU, chama kilichotetea majimbo, kilijivunja Novemba 1964, nchi ikawa jamhuri tarehe 12 Desemba, na muda si muda tukarudi kwenye mikoa yenye Mkuu wa Mkoa anayetumwa kutoka Nairobi. Mwaka 1992 Makueni ikamegwa kutoka Machakos, na Mbooni ikaenda nayo. Kisha katiba ya 2010 ikaondoa mikoa na wilaya, zikaja kaunti. Muda huo wote mama yuko palepale, anachota maji palepale.

Nauliza: vitambulisho vyenu vinasema mnatoka wapi? Na mpaka unapobadilika, nani huwa anawaambia?

#2 · Omogusii wa Donholm

Dada, umenigusa pabaya. Marehemu baba alizaliwa, akaishi na akazikwa katika boma moja. Karatasi zake zote zinasema Wilaya ya Kisii. Wadogo zangu wawili wa mwisho, waliozaliwa baada ya Nyamira kumegwa, vyeti vyao vinasema Nyamira. Mama mmoja, baba mmoja, mwembe mmoja nje ya nyumba.

Tulipoanza kushughulikia mirathi tuliambiwa tulete hati ya kiapo kwamba "Kisii" ya baba na "Nyamira" ya watoto ni mahali pamoja. Tukatafuta wakili, tukalipa. Tukapata barua ya chifu, na chifu mwenyewe alikuwa kijana ambaye lokesheni yake (eneo la chifu) haikuwepo baba alipochukua kitambulisho. Akamwita mzee wa kijiji athibitishe. Yule mzee ndiye aliyekuwa kumbukumbu ya serikali siku hiyo. Angekuwa amefariki, sijui tungefanya nini.

Hebu nisaidieni jambo moja. Hii namba ya kaunti 47 ilitoka wapi? Mbona tusiwe na kaunti 41 au 70?

#3 · MamaSaiba

Pole sana kwa kumpoteza mzee, Omogusii.

Namba 47 ina historia yake, na watu wengi hudhani wataalamu walikaa chini na ramani wakapima. Haikuwa hivyo.

Kwa miaka mingi baada ya uhuru tulikuwa na wilaya arobaini na moja ukihesabu na Nairobi. Kisha 1983 serikali ikaleta mpango wa kuifanya wilaya kuwa kitovu cha maendeleo vijijini. Kuanzia hapo mipango ya barabara, maji na shule ilipitia kamati ya wilaya, chini ya mkuu wa wilaya. Fikiria wewe unaishi pembeni mwa wilaya kubwa, makao makuu yako mbali, na kila kitu kinagawiwa kule. Lazima mtaomba wilaya yenu. Watu hawakuwa wakipenda mistari tu. Walikuwa wakikimbilia mahali meza ilipo.

Mwaka 1992 Bunge likapitisha Sheria ya Wilaya na Mikoa, ikaziorodhesha wilaya 46 pamoja na Nairobi. Arobaini na saba. Ni mwaka uleule vyama vingi viliporudi kwenye debe la kura. Wino haujakauka, wilaya nyingine zikaanza kutangazwa jukwaani bila kupitia Bunge. Sensa ya 1999 ilihesabu wilaya 69. Sensa ya 2009 ilihesabu 158, na tangazo moja lilikuwa likifuata jingine. Rais anafika kwenye mkutano, wazee wanasimama na ombi lao, anatamka, watu wanashangilia, na mkuu wa wilaya analetwa kukaa katika jengo la kukodi.

Septemba 2009 Mahakama Kuu ikaamua kwamba wilaya zote zilizozidi zile za sheria ya 1992 hazikuwa halali. Miezi michache baadaye, Januari 2010, kamati ya Bunge ikakutana Naivasha kujadili rasimu ya katiba na kung'ang'ana na swali la ugatuzi. Orodha pekee iliyokuwa na sheria nyuma yake ilikuwa ile ya 1992. Wakaichukua, wilaya zikaitwa kaunti, wananchi wakaipigia kura tarehe 4 Agosti 2010, na sasa imo ndani ya katiba kama Jedwali la Kwanza.

Kwa hiyo Makueni, Bomet, Vihiga na Migori zina magavana leo kwa sababu ziliwahi orodha ile. Mwingi, Koibatek, Mbeere na Trans Mara zilikuja kidogo baada ya hapo, zikafungiwa nje. Hilo linaniuma ninapoliwaza. Hatima ya mamia ya maelfu ya watu iliamuliwa na orodha ambayo walioiandika hawakujua itatumiwa kuunda serikali zenye bajeti na mabunge.

Na sasa kuibadilisha ni kazi ngumu, tena kwa makusudi. Kifungu cha 188 kinataka tume huru iundwe ipendekeze, kisha theluthi mbili ya wabunge wote wakubali, na theluthi mbili ya wajumbe wa kaunti kule Seneti. Tangu 2010 hakuna mpaka hata mmoja wa kaunti uliobadilishwa.

#4 · Wa Fotifaivu

Mimi niko Githurai, na kwetu mpaka ni barabara. Wageni hudhani 44 na 45 ni mitaa iliyopewa namba na serikali. Hapana, ni namba za basi. Ukipanda 44 unashukia upande wa Nairobi, 45 unashukia upande wa Kiambu. Soko la nyanya liko katikati na halijui kaunti.

Lakini mimi najua, kwa sababu nauza nguo pande zote mbili. Kibali cha biashara cha Kiambu hakinisaidii nikivuka, kanjo, yaani askari wa kaunti, wa Nairobi hataki kukiona. Mtoto wangu anasoma shule ya upande wa Nairobi, na siku ya basari ya wadi tukaambiwa turudi kwetu Kiuu, Kaunti ya Kiambu. Taka za soko nazo, kila kaunti ikiona ziko mita mbili ng'ambo inasema si zake.

Na majina! Kuna Wadi ya Mwiki iliyo katika eneobunge la Kasarani, Nairobi, na kuna Wadi ya Mwiki nyingine iliyo katika eneobunge la Ruiru, Kiambu. Kahawa vilevile: Kahawa West iko Nairobi, Kahawa Sukari na Kahawa Wendani ziko Kiambu. Mletee mtu mizigo umwambie "Mwiki" uone atakavyozunguka.

#5 · Mwana wa Mwingi

Dada MamaSaiba, nasoma kwa heshima, lakini kuna mahali sikubaliani nawe. Unaandika kana kwamba wilaya zilizotangazwa jukwaani zilikuwa fujo tupu.

Marehemu babu alikuwa akitoka kwetu usiku kwenda Kitui kutafuta saini moja. Analala mjini kwa jamaa, anaonana na mkubwa kesho yake kama yupo. Mwingi ilipofanywa wilaya 1993, ofisi zikaja mjini Mwingi. Idara ya ardhi, ya mifugo, ya elimu, zote zikawa karibu. Mama zetu waliweza kwenda na kurudi kabla ya ng'ombe kurudi zizini. Hilo si jambo dogo kwa mtu asiye na nauli ya pili.

Sasa mahakama ikasema si halali, na katiba ikatupeleka tena Kitui. Sikatai kwamba sheria haikufuatwa. Lakini kosa la sheria lilikuwa la waliotangaza. Sisi tulichokuwa tukihitaji kilikuwa cha haki.

#6 · MamaSaiba

Kaka, nimekusikia, na nimeisoma mara mbili. Una haki. Nilipoandika kuhusu jukwaa nilikuwa nikifikiria namna ilivyofanywa, nikasahau babu aliyekuwa akilala Kitui kwa ajili ya saini. Ofisi ikisogea karibu maisha yanabadilika, na mimi ninayekaa kaunta najua hivyo kuliko wengi.

Ninachogombania ni kwamba ofisi ya karibu na mpaka mpya ni vitu viwili. Ungeweza kuletewa ofisi Mwingi bila kuibadilisha wilaya kwenye kitambulisho cha babu. Lakini siku zile ofisi hazikuja mpaka jina jipya litangazwe, kwa hiyo watu wakaomba jina ili wapate ofisi. Jina likifutwa, kunakuwa na hofu kwamba ofisi nayo itaondoka.

#7 · Mtanga wa South B

Samahani wenyeji, mimi ni Mtanzania niliyehamia hapa kikazi, ninachangia kidogo tu.

Kwetu mkoa huundwa kwa uamuzi wa Rais. Mwaka 2012 ilizaliwa mikoa minne kwa pamoja: Geita, Katavi, Njombe na Simiyu. Mwaka 2016 ukaja Songwe, ukamegwa kutoka Mbeya. Leo tuna mikoa 26 Bara na mitano Zanzibar. Uganda wao wameenda mbio zaidi, walikuwa na wilaya 33 mwaka 1986 na sasa zimepita 130. Kongo ya Kinshasa walitoka mikoa 11 hadi 26 mwaka 2015.

Nilipofika Kenya kilichonishangaza ni jinsi mlivyoifunga namba 47 ndani ya katiba. Kwetu mkoa ukikatwa tunazoea ndani ya miaka michache, kwa sababu mkoa hauna gavana wa kuchaguliwa wala bunge lake. Kwenu kaunti ni serikali. Ukiigawa umegawa mishahara, madeni na viti.

#8 · Karani Mstaafu (Kaloleni)

Wanangu, mmezunguka nchi nzima, hebu niwarudishe Nairobi yenyewe. Nimefanya kazi ya ukarani katika baraza la jiji tangu miaka ya sabini, na faili za mipaka nilizibeba kwa mikono hii.

Mji huu ulianza kama kambi ya reli 1899. Kanuni za 1900 ziliuweka mpaka wake kwa namna rahisi sana: eneo lote lililo ndani ya maili moja na nusu kutoka ofisi ya naibu kamishna wa Ukamba. Duara, basi. Unasimama mlangoni pa mkubwa na unapima. Wakati huo Kisumu na Naivasha hazikuwa hata za nchi hii, zilikuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda, hadi 1902 zilipohamishiwa huku ili reli yote ikae chini ya utawala mmoja. Waliokuwa wakiishi kule hawakuulizwa.

Baraza la manispaa likaja 1919. Mwishoni mwa miaka ya ishirini mpaka ukapanuliwa hadi maili za mraba kama thelathini, na kwa muda wa miaka thelathini na mitano haukuguswa sana. Hati ya jiji tulipewa tarehe 30 Machi 1950. Halafu 1963 mji ukanyooshwa ghafla hadi karibu kilomita za mraba 700. Ulichukua mbuga ya wanyama, Karen, Lang'ata, Dagoretti, Embakasi. Kuna wazee waliolala wakiwa wakulima wa kijijini wakaamka wakiwa watu wa jiji, na shamba lao likaingia kwenye vitabu vya kodi ya jiji. Mpaka huo wa 1963 ndio tunaoutumia hadi leo. Mji umemwagika hadi Rongai, Kitengela, Mlolongo, Ruiru na Kikuyu, lakini mstari uko palepale.

Kilichobadilika ni nani anayetawala ndani ya mstari. Mwaka 1983 baraza lilivunjwa, madiwani wakaenda nyumbani, ikaletwa tume iliyoteuliwa na serikali. Tukaambiwa ni kwa muda. Ikakaa hadi uchaguzi wa 1992. Nakumbuka chumba cha mikutano cha madiwani, viti vimepangwa, vumbi juu ya meza, mwaka baada ya mwaka. Mwananchi mwenye shida ya maji taka alikuwa akija kwetu makarani moja kwa moja, kwa sababu hakuwa na diwani wa kumpelekea. Machi 2013 mabaraza yote 175 ya nchi yakafungwa, ya jiji, ya manispaa, ya miji na ya kaunti za zamani, zikaanza serikali za kaunti. Kisha 2020 majukumu makubwa ya Nairobi, afya, uchukuzi, mipango, yakarudishwa kwa serikali kuu chini ya idara iliyoongozwa na mwanajeshi, hadi 2022.

Kwa hiyo mkiuliza mipaka inabadilikaje, msitazame mstari peke yake. Mji unaweza kukaa ndani ya mstari uleule miaka sitini na mwenye nyumba akabadilika mara kadhaa.

#9 · MamaSaiba

Mzee wangu, shikamoo na asante. Hilo la vumbi juu ya meza nimelisoma kwa sauti hapa dukani.

Umenipa njia ya kusema jambo ambalo hasa ndilo lililonifanya nianzishe uzi huu. Tunabishana kuhusu kaunti, lakini mpaka unaomuumiza mtu wa kawaida ni ule mdogo: wadi, lokesheni, kaunti ndogo. Ndio unaoamua basari, barua ya chifu, na kituo cha kupigia kura. Na huo unabadilishwa kimyakimya.

Angalia Nairobi. Hadi uchaguzi wa 2007 tulikuwa na maeneobunge manane. Mwaka 2012 tume ya uchaguzi, IEBC, ikayafanya 17, yenye wadi 85. Embakasi peke yake ikagawanywa vipande vitano. Kariobangi North ikaangukia Embakasi North, Kariobangi South ikaangukia Embakasi West. Mteja wangu mmoja ana duka upande mmoja na analala upande wa pili. Mwanawe alikosa basari ya wadi mwaka juzi kwa sababu fomu ilipelekwa wadi ya dukani, na kura ya mama iko wadi ya nyumbani. Walipogundua, siku ya mwisho ilikuwa imepita. Mtoto alikaa nyumbani wiki tatu.

Halafu kuna jambo ambalo hata maafisa wengine hulichanganya. Neno "kaunti ndogo" lina maana mbili. Kwa serikali ya kaunti, kaunti ndogo ni sawa na eneobunge. Kwa serikali ya kitaifa, ni zile wilaya za zamani zilizobadilishwa jina, zenye naibu kamishna wa kaunti, na chini yake tarafa, lokesheni na lokesheni ndogo. Orodha hizi mbili hazilingani. Nairobi ina maeneobunge 17, lakini sensa ya 2019 ilihesabu kaunti ndogo 11. Njiru ni kaunti ndogo kamili kwa upande wa kitaifa. Kwa IEBC hakuna eneobunge liitwalo Njiru, kuna Wadi ya Njiru ndani ya Kasarani. Roysambu na Ruaraka ni maeneobunge, lakini hazimo katika zile 11.

Sasa rudini kwa mama wa Mbooni. Akichagua Makueni, fomu inamletea Mbooni East na Mbooni West. Yeye anajua Mbooni moja, yenye mbunge mmoja. Achague ipi? Ilibidi tumpigie simu mdogo wake kijijini, naye akatoka kwenda kumuuliza msaidizi wa chifu, sisi tukisubiri na laini iko wazi.

Na mistari ya maeneobunge ina kazi nyingine inayosubiri. Katiba inataka ipitiwe kila baada ya miaka minane hadi kumi na miwili. Miaka kumi na miwili iliisha Machi 2024 bila mapitio, tume yenyewe ikiwa haina makamishna. Mimi si mtaalamu lakini hesabu ni rahisi. Sensa ya 2019 ilitupata watu milioni 47.6. Gawanya kwa maeneobunge 290, unapata kama watu 164,000 kwa kila moja. Katiba inaruhusu jiji lizidi wastani huo kwa asilimia 40, yaani hadi kama 230,000. Nairobi ilikuwa na watu 4,397,073. Gawanya kwa 17: karibu 259,000. Kwa hiyo eneobunge la kawaida la Nairobi limevuka hata kile kipimo cha juu. Ndiyo maana foleni ya basari ni ndefu hapa kuliko kwa binamu zetu mashambani. Si kwamba watoto wetu ni maskini zaidi.

Mapitio yatakuja siku moja, na lazima yaje. Ninachoomba ni kitu cha bei ya karatasi: kila mpaka unapobadilishwa, ibandikwe nje ya ofisi ya chifu orodha ya safu mbili. Kushoto palivyokuwa pakiitwa, kulia panavyoitwa sasa. Na orodha hiyohiyo iingizwe ndani ya kompyuta zinazopokea fomu, ili mtu akiandika "Machakos, Mbooni, 1958", mashine ijue anatoka wapi.

#10 · Binti wa Gatanga

Swali kwa MamaSaiba. Kitambulisho cha baba kinasema Wilaya ya Thika. Sasa nikijaza fomu nichague Kiambu, sivyo? Thika iko Kiambu.

#11 · MamaSaiba

Hapana mpenzi, ngoja kwanza! Nafurahi umeuliza kabla ya kubonyeza.

Wilaya ya Thika iliundwa katikati ya miaka ya tisini, baada ya ile sheria ya 1992. Kwa hiyo kaunti zilipochorwa, ilivunjwa na kila kipande kikarudi kwa mamake. Mji wa Thika, Juja, Ruiru na Gatundu zilienda Kiambu. Gatanga ilirudi Murang'a. Chagua Murang'a.

Ndugu zangu, kwa makosa kama haya nilinunua daftari lile gumu la kaunta. Kila mteja anayekuja na wilaya iliyokufa namwandikia mstari mmoja, na tarehe niliyothibitisha. Nawapa chache zinazonijia mara kwa mara. Koibatek, tafuta Baringo. Mbeere, tafuta Embu. Maragua, Murang'a. Mlima Elgon, Bungoma. Teso, Busia. Lugari, Kakamega. Gucha, Kisii. Rachuonyo na Suba, Homa Bay. Kuria, Migori. Trans Mara, Narok. Keiyo na Marakwet ziliwahi kuwa wilaya mbili, sasa ni kaunti moja, Elgeyo-Marakwet.

Lokesheni ndizo zinazonishinda. Zinagawanywa kila mara na hakuna anayeandika mahali pamoja. Kama unajua lokesheni ya kwenu iligawanywa lini na ikazaa zipi, iandike hapa chini. Usiandike jina la mtu wala namba yoyote, jina la mahali tu.

#12 · Mwana wa Mwingi

Nimempigia mjomba simu. Amenitajia lokesheni yetu ya zamani na tatu zilizotoka ndani yake, na mwaka wa kila moja. Kijito ndicho mpaka kati ya mbili za kwanza, ya tatu inaanzia shule ya msingi. Nakutumia kwenye ujumbe wa faragha ili uthibitishe kwanza na mtu wa pili.

#13 · Karani Mstaafu (Kaloleni)

Binti yangu, nina nakala ya ramani ya tarafa za Nairobi za wakati wa Mkuu wa Mkoa. Tarafa nane, mitaa yote imeandikwa kwa mkono wa mchoraji. Imekunjika na ina doa la chai, lakini inasomeka. Nitakuja Kayole Jumamosi uifanyie fotokopi. Usinitoze.

#14 · MamaSaiba

Mzee, njoo. Chai iko, na meza nitaipangusa kwanza.

Wadau, habari ya mama wa Mbooni: msaidizi wa chifu alijibu jioni, ni Mbooni West. Fomu nimeituma saa kumi na mbili na robo, na barua ya maelezo nimeiambatanisha, inayosema Machakos ya kitambulisho ni Makueni ya leo. Ameniomba nimchapishie nakala mbili, moja ya ofisi na moja ya kuweka kwenye mkoba pamoja na kitambulisho. Kwenye daftari ni ukurasa wa 31, mstari wa nne. Ujumbe wa Mwingi nao nimeupata, nitauandika chini yake mtu wa pili akishathibitisha.